Kanada baada ya mdororo wa 2008: hesabu ya tahadhari na walioilipia

Kuanzia mwaka 2009 hadi 2015 serikali ya Kanada ilikuwa na kauli moja kila ilipotakiwa kueleza hali ya uchumi: nchi inapata nafuu, lakini nafuu yenyewe bado ni legelege. Kauli hiyo ilitolewa bungeni Ottawa, ikarudiwa katika mikutano ya wakuu wa nchi, na ikafika hadi Thornhill, kitongoji cha kaskazini mwa Toronto ambako familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki zimejenga maisha yao.

Kwa msikilizaji wa kawaida hayo yalikuwa maneno ya wanasiasa. Kwa maofisa wa Wizara ya Fedha yalikuwa ni tarakimu: kiasi maalumu kilichopunguzwa kwa makusudi kutoka kwenye makadirio ya mapato, ili serikali isije ikaumbuka. Tahadhari ya namna hiyo ina faida zake, na serikali nyingi za Afrika zimeshauriwa kuiiga. Lakini ina gharama pia, na gharama hiyo haikugawanywa sawa.

Kitongoji chenye jina la mfilisika

Thornhill haina meya wala halmashauri yake. Barabara ya Yonge hukigawa kitongoji hicho sehemu mbili: magharibi ni himaya ya mji wa Vaughan, mashariki ni ya Markham, na kusini barabara ya Steeles ndiyo mpaka na Toronto. Wakazi wake ni Wayahudi, Warusi, Wairani, Wachina, Wakorea na wengineo wengi. Kwenye barabara ya Bayview upo msikiti wa Jaffari wa jumuiya ya Makhoja Shia Ithnaasheri, ambao wengi wao, au wazazi wao, walitoka Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Kampala. Baadaye jumuiya hiyo ilijenga kituo kikubwa zaidi kwenye barabara ya Bathurst. Wazee wanaokutana huko wangali wakichanganya Kikachi na Kiswahili katika mazungumzo yao.

Wengi kati yao wanaifahamu misukosuko ya uchumi na siasa kwa kuipitia. Kanada iliwapokea zaidi ya Waasia 6,000 waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wengine waliondoka Tanzania baada ya majumba ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971.

Jina la kitongoji nalo lina kisa chake. Benjamin Thorne, Mwingereza aliyefika huko mwaka 1820, alimiliki kinu cha kusaga ngano na akawa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa waliopeleka unga Uingereza. Biashara hiyo ilistawi chini ya sheria za nafaka za Uingereza, zilizoyapa mazao ya makoloni nafuu ya ushuru. Mwaka 1846 Bunge la London lilizifuta sheria hizo. Bei ikaanguka, madeni ya Thorne yakamshinda, na mwaka 1848 akajiua.

Miaka 160 baadaye wakazi wa mahali palipopewa jina lake walikuwa tena wakingoja habari za ng’ambo, safari hii kutoka New York, ambako benki ya Lehman Brothers ilifilisika Septemba 15, 2008.

Makadirio yaliyoiponza serikali

Mwezi mmoja baada ya kuanguka kwa Lehman, Oktoba 14, Wakanada walipiga kura. Chama cha Conservative cha Waziri Mkuu Stephen Harper kilirudi madarakani kikiwa na viti 143 kati ya 308, pungufu ya wingi unaohitajika. Thornhill ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyobadili mkono: Peter Kent, mtangazaji mashuhuri wa zamani wa televisheni, alimshinda mbunge wa chama cha Liberal, Susan Kadis. Kent akapewa uwaziri mdogo wa mambo ya nje kwa ajili ya mataifa ya Amerika, na Januari 2011 akawa Waziri wa Mazingira. Wapiga kura wa Thornhill wakawa na mtu wao ndani ya serikali.

Novemba 27, 2008 Waziri wa Fedha Jim Flaherty alisoma taarifa yake ya uchumi. Wakati nchi nyingine tajiri zikitangaza mipango ya dharura, yeye alitabiri kwamba Kanada ingeendelea kuwa na ziada ndogo katika bajeti. Taarifa hiyo hiyo ilipendekeza kufuta ruzuku ya umma kwa vyama vya siasa. Vyama vya upinzani vilighadhabishwa na yote mawili, vikakubaliana kuunda serikali ya mseto. Harper alinusurika kwa kumwomba Gavana Mkuu Michaëlle Jean asitishe vikao vya Bunge, na Desemba 4 ombi hilo likakubaliwa.

Bunge liliporudi, ile ziada haikuwapo tena. Bajeti ya Januari 27, 2009 ilitangaza nakisi ya dola za Kanada bilioni 33.7 kwa mwaka wa fedha ulioanza Aprili. Hata hiyo haikudumu. Mei, Flaherty alisema nakisi itapita bilioni 50. Septemba, ikawa bilioni 55.9. Hesabu zilipofungwa ilisimama kwenye bilioni 55.6, kubwa kupita zote katika historia ya nchi hiyo hadi wakati huo.

Benki za Kanada hazikuanguka. Pigo liliingia kwa mlango mwingine: takriban robo tatu ya bidhaa ambazo nchi hiyo huuza nje hununuliwa na Marekani, na Wamarekani walikuwa wameacha kununua magari na mbao. Flaherty mwenyewe aliwakilisha jimbo la Whitby–Oshawa, mashariki mwa Toronto, penye kiwanda cha General Motors kilichohitaji fedha za umma ili kisifungwe. Ajira zaidi ya 400,000 zilipotea nchini kote. Ukosefu wa kazi, uliokuwa karibu asilimia 6 kabla ya msukosuko, ulifika asilimia 8.7 Agosti 2009, na Toronto hali ilikuwa mbaya kuliko wastani huo.

Serikali iliyokosea mara tatu kwa kuona mambo kuwa mepesi haikutaka kukosea mara ya nne.

Tahadhari hutengenezwaje

Tangu miaka ya 1990 Wizara ya Fedha ya Kanada haitegemei utabiri wake yenyewe. Huwauliza wachumi wa mabenki na taasisi binafsi, takriban 15 kwa idadi, kila mmoja anatarajia uchumi ukue kwa kiasi gani, kisha huchukua wastani wa majibu yao. Utaratibu huo humwondolea waziri kishawishi cha kupamba, na pia humpa mahali pa kujificha endapo mambo yataharibika.

Paul Martin, Waziri wa Fedha wa chama cha Liberal tangu 1993, aliongeza hatua ya pili. Katika kila bajeti alitenga akiba ya tahadhari, iliyofika dola bilioni 3 kwa mwaka, ambayo haikuruhusiwa kutumika isipokuwa kwa dharura. Nakisi ikaisha mwaka wa fedha 1997-98, na Kanada ikawa na ziada kwa miaka 11 mfululizo. Karibu kila mwaka ziada ilizidi ile iliyotangazwa, hadi wapinzani wakalalamika kwamba waziri anaficha fedha ili asilazimike kuzijadili.

Flaherty aliifuata njia hiyo hiyo kwa mtindo wake. Katika hesabu zake za miaka ya nafuu alichukua wastani wa wachumi, kisha akapunguza dola bilioni 10 kutoka kwenye pato la nchi walilotabiri, jambo lililopunguza makadirio ya mapato ya serikali kwa bilioni 1.5 hivi kila mwaka. Mgogoro wa madeni barani Ulaya ulipopamba moto, alipunguza bilioni 20, na kinga ikawa bilioni 3. Ni kama mwenye duka Kariakoo anayeambiwa na wenzake wote kuwa sikukuu hii atauza magunia kumi, naye akaagiza mali kana kwamba atauza tisa. Akiuza kumi atashukuru. Ila kama wateja walikuwa kumi na mmoja, wawili wameondoka mikono mitupu.

Matokeo yake yanaonekana wazi katika mwaka wa fedha 2010-11. Bajeti ya Machi 2010 ilikadiria nakisi ya bilioni 49.2. Oktoba 12, akiwa Mississauga, magharibi mwa Toronto, Flaherty aliishusha hadi bilioni 45.4. Machi 2011 ikawa bilioni 40.5. Hesabu za mwisho zilionyesha bilioni 33.4. Kila alipopanda jukwaani alikuwa na habari njema kidogo, na kila mara aliongeza kwamba hatari bado ipo.

Tofauti hiyo ya karibu bilioni 16 haikutokana yote na kinga ile. Mapato yalipanda kuliko ilivyotarajiwa, riba ilikuwa chini, na wizara hazikutumia fedha zote zilizotengewa. Lakini kisiasa ilikuwa na thamani kubwa. Waziri huyo aliyejua maonyesho aliwahi hata kuwapeleka waandishi wa habari kwa fundi viatu. Ni desturi ya mawaziri wa fedha wa Kanada kununua viatu vipya kabla ya bajeti. Yeye alibadilisha soli za viatu vya zamani.

Benki Kuu nayo ilikuwa na tahadhari yake. Gavana Mark Carney alishusha riba hadi asilimia 0.25 Aprili 2009, akaahidi kuiacha hapo hadi katikati ya mwaka uliofuata iwapo mfumuko wa bei ungeruhusu. Juni 2010 Kanada ikawa nchi ya kwanza katika kundi la mataifa saba tajiri kuanza kuipandisha. Septemba ilifika asilimia 1, na hapo ikasimama kwa zaidi ya miaka minne, hadi Januari 2015 iliposhushwa tena. Benki iliyosema nafuu ni ya kweli haikuiamini kiasi cha kuendelea kupandisha.

Nani alinufaika Thornhill

Kwa mwenye nyumba, miaka hiyo haikuwa mibaya. Riba ndogo ilifanya mikopo iwe rahisi kubebeka, kiasi kwamba serikali ilianza kuogopa madeni ya kaya. Muda mrefu kabisa wa kulipa mkopo wa nyumba wenye bima ya serikali ulipunguzwa kutoka miaka 40 hadi 35 mwaka 2008, ukawa 30 mwaka 2011 na 25 mwaka 2012. Aliyekwisha kununua alitazama bei ikipanda. Aliyekuwa bado anapanga aliona mlango ukizidi kuwa mwembamba.

Mwenye nyumba alipata na zawadi nyingine. Aliyefanya ukarabati kati ya Januari 27, 2009 na Februari 1, 2010 alirudishiwa kodi hadi dola 1,350, mradi awe ametumia dola 10,000. Nafuu hiyo iliwapa kazi maseremala na mafundi rangi, lakini mpangaji hakuwa na jiko la kukarabati.

Aliyepoteza kazi alitegemea bima ya ajira. Bajeti ya 2009 iliongeza majuma matano ya malipo, na kurefusha hadi majuma 52 mpango wa kugawana kazi, ambapo kiwanda hupunguza saa za kila mfanyakazi badala ya kumfukuza mmoja, na bima hufidia sehemu ya mshahara uliopungua. Hatua hizo ziliokoa watu wengi.

Ila kulikuwa na kizingiti ambacho serikali haikukigusa. Mfanyakazi aliyezoeleka katika soko la ajira alihitaji kuwa amefanya kazi kati ya saa 420 na 700 katika mwaka uliotangulia, kutegemea hali ya eneo lake. Aliyeingia kwenye soko hilo kwa mara ya kwanza, au aliyerejea baada ya kukaa nje muda mrefu, alihitaji saa 910, yaani majuma 26 ya saa 35. Mhamiaji mpya aliyefanya vibarua vya ghala kwa siku mbili tatu kwa juma hakuweza kuzifikisha. Alikatwa michango ya bima kama wenzake, na alipoachishwa kazi hakupata kitu. Mama aliyelea watoto kwa miaka kadhaa kisha akaajiriwa alikuwa katika kundi hilo hilo. Vyama vya upinzani na vya wafanyakazi vilidai kiwango kimoja cha nchi nzima. Serikali ilijibu kwamba gharama ni kubwa. Saa 910 zilifutwa Julai 2016, miaka saba baada ya wakati zilipouma zaidi.

Tahadhari ilivyofika Afrika Mashariki

Msukosuko huo ulisafiri kwa njia ya fedha zinazotumwa nyumbani. Benki Kuu ya Kenya ilirekodi dola za Marekani milioni 611 mwaka 2008 na milioni 609 mwaka 2009, karibu nusu yake zikitoka Amerika ya Kaskazini. Kushuka huko ni kudogo mno ukilinganisha na ukubwa wa dhoruba. Walio ughaibuni walijibana wao ili ada za shule na dawa za wazee zisikatike. Kwa waliokuwa Kanada kulikuwa na taabu ya ziada: dola yao, iliyopita thamani ya dola ya Marekani mwishoni mwa 2007, ilishuka chini ya senti 80 za Marekani mapema 2009, kisha ikalingana nayo tena Aprili 2010. Mtu aliyetuma dola 200 zile zile kila mwezi aliwafikishia nduguze kiasi tofauti kila mara.

Njia ya pili ilikuwa misaada. Februari 2009 Ottawa ilitangaza orodha ya nchi 20 zitakazopewa kipaumbele. Tanzania ilibaki; Kenya na Rwanda ziliondolewa. Serikali ilisema lengo ni ufanisi, si kubana matumizi. Mwaka uliofuata, hata hivyo, bajeti ilizuia jumla ya misaada isipande kutoka dola bilioni 5. Ulikuwa mmoja wa mikato mikubwa katika bajeti hiyo, na hakuna mpiga kura wa Whitby wala Thornhill aliyeathirika nao moja kwa moja. Juni mwaka huo huo, Harper alipokuwa mwenyeji wa viongozi wa nchi 20 mjini Toronto, mataifa tajiri yaliahidi kupunguza nakisi zao kwa nusu ifikapo 2013.

Dodoma na Nairobi zilikuwa na hesabu za aina nyingine. Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi za Tanzania trilioni 1.7, na Waziri wa Fedha wa Kenya, Uhuru Kenyatta, akatenga shilingi za Kenya bilioni 22 kuchochea uchumi. Nchi hizo hazikuwa na anasa ya kujitabiria mabaya, kwani mkopeshaji anayesoma utabiri mbaya wa Ottawa hutabasamu, lakini akisoma wa Nairobi hupandisha riba.

Kinga inapofunguliwa

Mei 2, 2011 chama cha Conservative kilipata wingi wa viti, 166, na Kent akarudi Thornhill kwa ushindi mnono. Novemba mwaka huo, akiwa Calgary, Flaherty alisogeza mbele hadi 2015-16 mwaka wa kumaliza nakisi, akitaja Ulaya. Bajeti ya 2012 ilipanga kuokoa dola bilioni 5.2 kwa mwaka na kupunguza nafasi 19,200 katika utumishi wa umma wa serikali kuu. Juni 30 mwaka huo sehemu kubwa ya huduma za afya kwa wakimbizi na wanaoomba hifadhi iliondolewa, kwa matarajio ya kuokoa dola milioni 100 katika miaka mitano. Kiasi hicho ni kidogo kikiwekwa kando ya kinga ya bilioni 3 kwa mwaka. Julai 2014 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba hatua hiyo ni ukatili uliokiuka katiba, na huduma zilirejeshwa kikamilifu Aprili 2016.

Flaherty alijiuzulu Machi 2014 na akafariki dunia Aprili 10, kabla ya kuiona bajeti iliyosawazishwa. Mrithi wake, Joe Oliver, ndiye aliyeifungua kinga. Katika bajeti ya Aprili 2015, miezi sita kabla ya uchaguzi, akiba ya tahadhari ilipunguzwa kutoka bilioni 3 hadi bilioni 1, ingawa bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka na sababu za kuwa mwangalifu zilikuwa zimeongezeka. Ziada iliyotangazwa ilikuwa bilioni 1.4. Kama akiba ingeachwa kama ilivyokuwa, pangekuwa na nakisi. Baadaye ilibainika kwamba mwaka wa fedha uliokwisha Machi, 2014-15, ulikuwa tayari umefungwa kwa ziada ya bilioni 1.9.

Oktoba 19, 2015 wapiga kura waliiondoa serikali ya Harper na kumchagua Justin Trudeau, aliyeahidi waziwazi kurudi kwenye nakisi ili kujenga miundombinu. Kent alikilinda kiti chake, na aliendelea kuiwakilisha Thornhill hadi 2021.

Waziri mpya wa Fedha, Bill Morneau, alianza kwa tahadhari kubwa kuliko watangulizi wake: bajeti ya Machi 2016 ilikata bilioni 6 kwa mwaka kutoka kwenye makadirio ya mapato. Novemba mwaka huo aliifuta kinga yote kwa mkupuo. Machi 2017 akairudisha, safari hii ikiwa bilioni 3, kiasi kile kile alichokuwa akitenga Paul Martin.